Barazani na Mwalimu: Tumbo la Jumapili Usiku

Kitabu chetu kimefika tena mikononi mwenu, nami nimepewa kurasa zangu zile zile, nyuma ya orodha ya waliooana na waliozaliwa. Wale waliokwisha nizoea wanajua kwamba sina haraka. Tieni chai.

Mwaka huu nataka tuzungumze jambo ambalo wazazi huniletea pembeni, darasa la Jumamosi likisha, watoto wakiwa wanatafutana viatu. Mama mmoja alinambia kwamba mwanawe wa miaka 9 tumbo humuuma kila Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi huzidi, na Ijumaa alasiri hupona bila ya dawa. Wa pili alikuja na habari hiyo hiyo, ila kwa wake ni kichwa. Wa tatu, baba mtu mzima na mkimya, alisema binti yake wa miaka 14 tangu Ramadhani hakai tena na wenzake kula cha usiku, na akiulizwa hujibu kwa Kiingereza kwamba yu mzima. Wote watatu waliniuliza swali moja: "Mwalimu, huyu anaumwa au anatuchezea?"

Jawabu langu kwa wote lilikuwa anaumwa, na sikulisema kwa kumpendeza mtu. Matumbo ya binadamu yana mishipa yake ya fahamu, chembe zake zinazidi milioni 100, na mishipa hiyo husemezana na ubongo usiku na mchana. Mtu akiingiwa na khofu utumbo hukaza, au hulegea, na kila aliyewahi kungoja nje ya chumba cha mtihani anaijua habari hiyo bila ya kusomeshwa. Madaktari wa watoto wanayafahamu vyema maumivu ya namna hii. Hupima mkojo, hupima damu, wakakosa kidonda, na bado hawamwiti mtoto mwongo. Na lugha yetu ilikuwa imeshawatangulia, maana Mswahili mwenye kungojea habari mbaya husema yumo matumbo joto.

Lakini daktari kwanza, barazani baadaye. Tumbo linalomwamsha mtoto usingizini, linalofuatana na homa au kutapika, lenye damu chooni, au mtoto akawa anakonda, hilo halingoji mazungumzo ya mtu. Na yule wa kichwa, niwaambieni mapema, alipopelekwa kupimwa ilionekana anahitaji miwani. Alikuwa haoni ubao. Sasa ameivaa, kichwa kimetulia, na anajiona profesa.

Basi tubaki na wale wawili, na swali lililonikalisha macho: kwa nini mtoto mwenye khofu aseme tumbo?

Sababu ya kwanza imo katika namna akili ya mtoto inavyokua. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, Roger Bibace na Mary Walsh, walitoa utafiti wao juu ya watoto wanavyoyafahamu maradhi. Waliona kwamba ufahamu huo hupanda ngazi. Mtoto wa miaka 4 ukimuuliza mafua yanatoka wapi, atakutajia jua, au miti, au Mungu, basi, hapana zaidi. Akipanda kidogo atasema yanatoka kwa mtu aliye karibu naye. Kisha anafahamu kugusa uchafu, kisha kumeza na kuvuta pumzi, na akikaribia kubaleghe huanza kueleza viungo vya ndani vinavyofanya kazi na vinavyokosea kazi. Ngazi ya juu kabisa, ambayo watu wengi huifikia wakiwa wakubwa, ni kufahamu kwamba fikra nazo zinaweza kuutia mwili maradhi. Sasa angalieni. Tunapomtaka mtoto wa miaka 9 atwambie kwamba tumbo lake linauma kwa sababu ana khofu ya jambo fulani, tunamtaka aanze na ngazi ya mwisho. Yeye analijua tumbo, kwa hivyo anatupa tumbo.

Nilijaribu mwenyewe darasani. Nilikuwa na watoto wa miaka 6 hadi 10, nikawauliza homa inatoka wapi. Mmoja alisema inatoka kwa kutovaa soksi, na hapo nilimsikia bibi yake waziwazi. Mwengine alisema ni wadudu wadogo wanaoruka. Wa tatu, mtoto mpole sana, alisema alipata homa kwa kuwa alimpiga mdogo wake.

Huyo wa tatu ndiye aliyenishughulisha. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya watoto wanavyohukumu mema na maovu, alieleza jambo hili. Watoto walisimuliwa kisa cha mtoto aliyeiba matofaa, akakimbia, akavuka daraja la mbao mbovu, likavunjika akaanguka majini. Walipoulizwa, wengi katika wadogo walisema daraja lilivunjika kwa sababu aliiba. Kwao kosa hujilipizia lenyewe. Na sisi watu wazima tunaimwagilia maji imani hiyo kila siku bila ya kukusudia. Mtoto akiteleza tunamwambia, "Umeona? Nilikwambia!" Akiugua baada ya ukaidi tunamwambia Mungu kamlipa. Ni maneno ya kupita tu, sisi hatuyaweki moyoni, lakini mtoto huyaweka. Nyumba ikiingia maradhi makubwa, au mauti, yule mdogo aliyekuwa mkaidi wiki ile hujifanyia hesabu peke yake. Mwaka 2020, skuli zilipofungwa na maziko yakawa ya watu wachache, watoto wetu wengi walimpoteza babu au bibi bila ya kumwona na bila ya mtu kuwaeleza. Wako waliokuwa na miaka 5 wakati ule ambao wanakua na hesabu hiyo hawajaulizwa.

Hata hivyo tusiwaone watoto wajinga. Huko Australia, Michael Siegal na David Share walionyesha mwaka 1990 kwamba hata watoto wa miaka 3 wanafahamu kuwa maji ya matunda yaliyoingia mende hayanyweki, ijapokuwa mende mwenyewe ameshatolewa. (Watoto wa kwetu, naamini, wangejua na miaka 2.) Maana yake ni kwamba mtoto mara nyingi anajua zaidi ya anavyosema, na kinachopungua ni namna tunavyomuuliza, na masikio tuliyomtegea.

Na hii ndiyo sababu ya pili, ambayo mimi naiona ni kubwa kuliko ya kwanza. Mtoto husema maradhi yanayosikilizwa nyumbani kwao. Katika nyumba zetu tumbo linasikilizwa. Ukisema tumbo, mama ataacha sufuria jikoni, bibi ataleta tangawizi na mafuta ya habasoda, baba atauliza umekula nini, na utalazwa kitandani ufunikwe blanketi. Ukisema una huzuni utaambiwa kashukuru, wenzako hawana hata maji. Sasa wewe ungekuwa na miaka 9 ungesema lipi?

Liko darasa jengine ambalo watoto wetu wamelisoma bila ya kuandikishwa, nalo ni chumba cha daktari. Wangapi katika sisi, toka miaka ya tulipofika Sparkbrook na Small Heath, tumewahi kumtoa mtoto skuli kwenda kumtafsiria bibi yake? Mtoto wa miaka 11 anakaa kiti cha katikati. Kulia daktari anasema maneno makubwa, kushoto bibi anangoja kwa macho. Mtoto anatakiwa ayafahamu maneno ambayo hata kwa Kiingereza hajayasikia, ayapatie Kiswahili ambacho hana, kisha amtamkie mtu anayempenda kuliko watu wote. Namjua kijana, sasa ni mtu wa familia, ambaye siku ile alimwambia bibi yake yote yaliyokuwa mazuri na yaliyobaki akayabeba mwenyewe. Hakumwambia mtu hata mama yake. Alikuwa na miaka 12. Akaanza kuumwa na tumbo.

Kwa hivyo nawaomba, na hili ni ombi la mtu mzima kwa watu wazima wenzake: bibi akiwa na miadi ya daktari au hospitali, unapopiga simu kuandikisha, sema palepale kwamba mnataka mkalimani wa Kiswahili. Huduma ya afya ya nchi hii inawajibika kumleta bila ya malipo, ana kwa ana au kwa simu, na mwongozo wake wenyewe unasema watoto wasitumiwe kutafsiri. Ikiwa lahaja ya nyumbani ni ya kipekee, kama jamaa zetu wa Barawa, taja hivyo. Si kumsumbua mtu. Mtoto abaki kuwa mjukuu, amshike bibi mkono tu.

Sasa tuje kwenye lile lenye miiba, maradhi ya nafsi.

Darasa langu la wakubwa, wa miaka 13 hadi 17, niliwagawia karatasi, wasiandike majina, waeleze neno afya ya akili linawajia vipi. Kwa wadogo nilikuwa nimeshauliza kwa mdomo, na kwao mgonjwa wa akili ni yule anayesema peke yake kwenye kituo cha basi, na zaidi ya mmoja walitaka kujua kama inaambukiza ukikaa naye kiti kimoja. Wakubwa ni habari nyengine kabisa. Karatasi zao zilijaa istilahi za Kiingereza za kidaktari, zimeandikwa sawasawa bila ya kosa la herufi. Si ajabu. Tangu Septemba 2020 skuli za serikali za England zimelazimishwa kuwafundisha watoto mambo ya afya, na afya ya akili imo ndani yake tangu madarasa ya chini, na yasiyofundishwa skuli yanafundishwa na simu zilizomo mikononi mwao. Lakini mwisho wa karatasi niliwauliza: mambo haya nyumbani mnayasema kwa maneno gani? Hapo karatasi zilirudi nyeupe. Mmoja aliandika, "Nyumbani hatuna."

Kwamba hatuna si kweli, nitakuja huko. Lakini fahamuni kinachotokea pale mtoto anapofikiri hatuna. Ziko nyumba ambazo binti wa miaka 15 alisema mezani, kwa Kiingereza, kwamba ana ule ugonjwa wa kusononeka. Bibi akauliza kasema nini. Mjomba, kwa nia njema, akatafsiri: "Anasema ana ugonjwa wa akili." Bibi akaweka kijiko chini. Sisi tuliokulia Unguja tunajua alichokiona bibi huyo: Kidongo Chekundu. Tulipokuwa watoto, kumwambia mwenzio atapelekwa Kidongo Chekundu ilikuwa ndiyo mwisho wa matani. Jamaa zetu wa Tanzania Bara walitaja Mirembe ya Dodoma, wa Kenya wakataja Mathari ya Nairobi au Port Reitz ya Mombasa. Hospitali zenyewe zimeuguza watu wengi na zinastahili shukurani, lakini majina yake tumeyageuza viboko. Basi binti alisema ana huzuni isiyoondoka, na bibi alisikia kwamba mjukuu wake amefungwa minyororo. Usiku ule walilia wote wawili, kila mmoja chumbani kwake, kwa sababu mbili mbalimbali. Na asubuhi yake binti akasema tumbo linamuuma.

Mjomba angesema nini? Angesema, "Anasema amesononeka, na huzuni yake haimtoki." Madaktari wa Tanzania siku hizi huuita ugonjwa huu sonona, na neno hilo hawakuliokota mbali, limo humu humu katika kusononeka ambako bibi anakujua vyema, maana yeye mwenyewe alisononeka alipofika nchi hii na baridi yake. Angelisikia neno hilo angalimwita mjukuu wake akae karibu.

Nimesema kwamba si kweli kuwa hatuna maneno. Niliposoma chuoni hatukuambiwa habari za Abu Zayd al-Balkhi, nimezijua ukubwani, na nasikitika kwamba watoto wetu wanamjua kila mchezaji wa mpira na yeye hawamjui. Alifariki mwaka 934 miladia. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi, sehemu moja ikawa ya mwili na ya pili ya nafsi. Alieleza kwamba kama mwili unavyougua ndivyo nafsi inavyougua, na kila mmoja humuuguza mwenziwe. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima, kama mwenye nyumba anavyojiwekea dawa kabatini kwa ajili ya dharura. Na katika sehemu ya nafsi alishughulika na mambo manne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Someni tena. Ghadhabu, khofu, huzuni, wasiwasi. Sikuyafasiri. Hayo ni maneno yake ya Kiarabu, na ndiyo maneno ambayo bibi zetu wanayasema jikoni kila siku. Zaidi ya miaka 1,000 yamekaa, yakavuka bahari kwa majahazi, yakaingia Kiswahili, yakaja mpaka Coventry Road, na sisi tunawaambia watoto kwamba hatuna neno.

Hilo la wasiwasi lina faida ya peke yake. Kila mtoto wa chuo anaijua sura ya mwisho ya msahafu kabla hajajua kufunga viatu, kwa hivyo neno hilo limo kinywani mwake. Wako vijana, khasa wa umri wa kubaleghe, ambao hutawadha mara 10 na 15 kwa sala moja, maji yanakwenda, ngozi ya mikono inapasuka, na wakubwa wanasema mashaallah, kijana ana dini. Kijana mwenyewe yuko ndani anateseka. Anajua kwamba ametawadha na hawezi kusadiki kwamba ametawadha. Mafakihi walilizungumza jambo hili zamani na hawakulisifu. Madaktari wanalijua pia na wana tiba yake, ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, na inafaa. Mkimwona kijana wa namna hii msimsifu na msimkemee, mpelekeni.

Mtaniuliza juu ya kisomo na kombe, maana nawajua. Mimi nimesomea chuoni kabla ya kwenda sekondari na sina ugomvi na kisomo. Mtoto akikalishwa mapajani, akasomewa kwa sauti ya chini, akapapaswa kichwa, hupata utulivu, na utulivu huo ni kitu. Linalonitia khofu ni pale anapoambiwa ana shetani. Tukumbuke tulivyosema juu ya ngazi za ufahamu. Mtu mzima akiambiwa hivyo hupata maelezo. Mtoto akiambiwa hivyo hujua kwamba ndani ya mwili wake mmekaa kitu kibaya chenye macho, na tangu usiku ule humwogopa yule aliye ndani, naye ni yeye mwenyewe. Msomeeni basi kama mnavyombariki, wala isiwe kama mnavyomshitaki. Na miadi ya daktari ibaki palepale.

Nao vijana nina neno nao, kwa kuwa wanasema Mwalimu huwakemea wazee tu. Si kila huzuni ni ugonjwa, wanangu. Kukosa kualikwa si sonona, na moyo kwenda mbio kabla ya mtihani ni moyo unaofanya kazi yake. Madaktari wenyewe, kabla ya kuliita jambo kwa jina hilo kubwa, huangalia kama limekaa wiki 2 au zaidi, karibu kutwa, karibu kila siku, na kama limekuzuia kulala, kula, kusoma na kuwapenda uliokuwa ukiwapenda. Neno kubwa likitumiwa kwa kila jambo dogo, siku utakapolihitaji halitasikika.

Lakini wanaolihitaji kweli si wachache. Kwa uchunguzi wa taifa wa England, kati ya watoto wa miaka 8 hadi 16, walioonekana kuwa na dalili za uwezekano wa maradhi ya akili walikuwa 1 kati ya 8 mwaka 2017, na 1 kati ya 5 mwaka 2023. Na Shirika la Afya la Dunia linasema thuluthi ya maradhi haya huanza kabla ya mtu kufika miaka 14. Hesabuni vichwa siku ya Idi, mtoto wa tano ni wa nani.

Hapa mjini kwetu, tangu mwaka 2016 huduma ya afya ya akili ya watoto na vijana imewekwa pamoja kuanzia kuzaliwa hadi miaka 25, inaitwa Forward Thinking Birmingham, na njia ya kuifikia aghalabu ni kupitia daktari wa familia au skuli. Foleni ni ndefu, sitawadanganya, kwa hivyo jambo likianza msingoje mpaka likomae. Mtoto anayetaka kusema na mtu asiyemjua anaweza kupiga Childline, 0800 1111, bila ya malipo, huduma iliyopo tangu mwaka 1986. Ukiingia usiku wa dhiki, piga 111 uchague namba 2, na ikiwa roho ya mtoto imo hatarini, 999. Na kijana akitamka kwamba maisha hayana maana, msimnyamazishe kwa astaghfirullahi. Mwulizeni waziwazi, "Unafikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumtii fikra hiyo kichwani, hilo limeshachunguzwa. Humpa mahali pa kuitua.

Sasa niseme na bibi na babu, ambao ndio wenye kurasa hizi. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda hakuwa na madaktari wa kutosha wala vyumba. Alikuwa na bibi 14. Akawafundisha, akawaweka kwenye mabao ya kukalia nje ya zahanati, na kila mwenye dhiki akaja akakaa, akazungumza. Hawakutumia majina ya Kizungu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ambalo halina tofauti na sisi tunaposema mtu ana mawazo. Matokeo yakatolewa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani: baada ya miezi 6, watu wazima waliokaa na watu hao wa kawaida waliofundishwa walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na Kenya wako vijana walioanzisha mpango wakauita kwa neno letu zuri, Shamiri. Wao huwaendea wanafunzi wa sekondari, na wanaofundisha ni vijana waliomaliza skuli juzi juzi. Hawaanzi na maradhi. Huanza na kukua, kushukuru, na kuyajua unayoyathamini. Utafiti wao wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sonona na wasiwasi vilipungua. Bao la Harare, ukiliangalia vizuri, ni baraza. Tulikuwa nayo kila nyumba, na katika nyumba za hapa ambazo mlango unafungukia njiani tumeiacha kwa ajili ya baridi.

Namna ya kuuliza ina ufundi wake, nao ni ule ule wa barazani: msitazamane. Ukimkabili mtoto ukamwambia, "Una nini wewe?" jawabu lake ni "Sina kitu," na hana njia ya kurudi nyuma. Muulize mikono ikiwa na kazi, unamsuka, mnachambua mchele, au mmo garini nyote mnatazama mbele. Usimuulize kwa nini, maana kwa nini ni ile ngazi ya juu. Muulize lini. Linaanza saa ngapi? Ulikuwa unafikiria nini lilipoanza? Lingekuwa na rangi lingekuwa rangi gani? Yule wa miaka 9 aliulizwa hivyo na bibi yake, wanachambua choroko, na baada ya kimya kirefu alisema tumbo linaanza pale mama anapopiga pasi sare. Kutoka kwenye sare wakafika skuli, na kutoka skuli wakafika chooni, ambako watoto wawili wakubwa walikuwa wakimzuia mlango na kumcheka namna anavyostanji. Kwa muda wa miezi alikuwa hanywi maji asubuhi ili asiende haja mpaka arudi nyumbani. Baba yake akaenda kuzungumza na mwalimu, mambo yakarekebishwa. Tumbo halikuacha mara moja, lilimaliza wiki zake, kama mgeni asiyejua kuaga.

Na binti wa miaka 14 bado yumo njiani. Daktari ameshamwona, anangoja zamu yake, na shangazi yake humchukua kila Jumatano kwenda kuogelea, wanarudi wamechoka na wanakula chipsi. Baba yake alinambia wiki iliyopita kwamba alicheka. Hakujua alimchekea nani, ila alicheka.

Nimalize na kazi ya nyumbani, kwa kuwa mwalimu hastaafu. Nataka tuyakusanye maneno ya nyumba zetu yanayoeleza hali za moyo, kila familia kwa lahaja yake, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Barawa, Bukavu, popote mlipotoka, na yachapwe katika kitabu cha mwakani pamoja na maelezo ya Kiingereza kwa ajili ya vijana. Mimi nimeanza na haya: simanzi, jitimai, ukiwa, kihoro, fadhaa, kimuyemuye, na kiherehere, ile ya moyo, si ya mdomo. Jitimai nililisoma darasani, mtoto mmoja akasema hilo ndilo lililomo kwenye simu yake kila usiku, hakujua tu linavyoitwa. Waulizeni bibi wangali nasi, muandike na siku walipolitumia. Pelekeni kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa Septemba, na tafadhali andikeni kwa herufi kubwa, macho yangu si yale ya zamani.